Uzi: Kwa nini mwanamichezo wa ridhaa huingia kwenye triathloni, na kwa nini habanduki tena?

MLETA UZI

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni, na poleni na majukumu ya wiki.

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiulizwa swali moja na ndugu, majirani na wafanyakazi wenzangu: mtu mzima mwenye kazi na familia anatafuta nini katika mchezo unaomtaka aamke saa kumi alfajiri aogelee, apande baiskeli kisha akimbie, ilhali halipwi hata senti moja na hana matumaini yoyote ya kupanda jukwaani? Jibu langu la mdomo huwa ni "afya tu", nalo si la kweli, kwa sababu mwenye kutafuta afya peke yake angetosheka na matembezi ya nusu saa kila jioni. Nimeona nikae nilijibu ipasavyo, na ninawaomba wenye uzoefu wachangie.

Kwa asiyeufahamu mchezo wenyewe: triathloni ni kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, kwa mpangilio huo huo, bila saa kusimamishwa. Hata muda wa kujifuta maji na kuvaa viatu unahesabiwa. Masafa ya Olimpiki, ambako mchezo huu uliingia Sydney mwaka 2000, ni mita 1,500 za maji, kilomita 40 za baiskeli na kilomita 10 za mbio. Masafa ya Ironman ni kilomita 3.8, kilomita 180 na marathoni nzima. Na ipo nusu yake, yaani 1.9, 90 na 21.1, ambayo ndiyo wengi wetu tunaikusudia.

Jambo la kwanza ninalotaka lieleweke ni kwamba mchezo huu haukuanza kwa watu wa kulipwa ukashuka kwa watu wa kawaida. Tarehe 25 Septemba 1974, jioni ya Jumatano, klabu ya wakimbiaji ya San Diego nchini Marekani iliandaa shindano katika ghuba ya Mission, wakajitokeza watu 46 waliotoka makazini mwao. Miongoni mwao walikuwa mume na mke, John na Judy Collins, na mume alikuwa ofisa wa jeshi la wanamaji. Walipohamia Hawaii walikuta ubishi ambao kila kijiwe cha michezo kinaujua: nani mwenye pumzi zaidi, mkimbiaji, mwogeleaji au mwendesha baiskeli? Collins akapendekeza kwamba mashindano matatu ya kisiwa cha Oahu yaunganishwe kuwa siku moja. Ndivyo Ironman ilivyozaliwa: tarehe 18 Februari 1978 watu 15 waliingia baharini, wakamaliza 12. Wa kwanza, Gordon Haller, alitumia saa 11, dakika 46 na sekunde 58. Wa pili, John Dunbar, aliishiwa maji njiani, na wasaidizi wake wakampa bia ili afike. Hapakuwa na zawadi ya fedha. Kwa hiyo swali la "anatafuta nini" halikuletwa na sisi wa leo. Limekuwapo tangu siku ya kwanza.

MCHANGIAJI, MOMBASA

Ndugu mleta uzi, shukrani kwa historia hiyo. Hata hivyo, watu 15 wa mwaka 1978 ni wachache mno kuwa kielelezo chetu. Katika kikundi chetu hapa Mombasa tuko tisa, na ukimuuliza kila mmoja aliingiaje, utasikia habari ya goti, ya nyonga au ya kisigino. Wote tulikuwa wakimbiaji kwanza. Je, si kweli kwamba triathloni ni kimbilio la waliokwisha kuumia?

MLETA UZI

Kaka wa Mombasa, umeutaja mlango ambao hata mimi niliupitia. Nilikuwa mkimbiaji wa nusu marathoni, na mwaka mmoja, baada ya mbio za Kilimanjaro pale Moshi, goti langu la kulia lilivimba hata nikashindwa kushuka ngazi za ofisini. Daktari alinikataza kukimbia kwa miezi mitatu. Mkimbiaji hutua kwa mguu mmoja kila hatua, na kishindo cha kutua huzidi uzito wa mwili wake mara mbili au zaidi. Kwenye baiskeli kishindo hicho hakipo, na majini uzito wenyewe hubebwa na maji. Moyo na mapafu vinaendelea na kazi ileile huku goti limepumzika. Ndiyo sababu mkimbiaji aliyeumia akiazimwa baiskeli huona kama amerudishiwa kitu alichonyang'anywa.

Lakini naomba tusichanganye mambo mawili. Goti langu lilipopona, nilikuwa na ruhusa kamili ya kurudi kwenye mbio peke yake, nami sikurudi. Goti linaeleza kwa nini niliingia, wala halielezi kwa nini nimebaki, na hapo ndipo penye kiini cha uzi huu.

Milango iko mingi. Huko Marekani, mlango ulioingiza watu wengi kwa mara moja ulikuwa televisheni. Februari 1982, Julie Moss, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa akikusanya habari za utafiti wake wa mwisho wa masomo, alikuwa akiongoza upande wa wanawake katika Ironman ya Hawaii, ambayo wakati huo ilikuwa imehamia mji wa Kona, mwili ukamwishia karibu kabisa na mwisho. Alianguka, akainuka, akaanguka tena, Kathleen McCartney akampita, naye akamaliza kwa kutambaa kwa mikono na magoti, sekunde 29 nyuma ya mshindi. Picha zile zilipoonyeshwa, watazamaji hawakumwona bingwa wa kuzaliwa. Walimwona mtu kama wao aliyekataa kuondoka njiani, na wengi walioingia katika miaka ile hueleza kwamba walianzia pale, mbele ya televisheni.

MCHANGIAJI, KIGALI

Mimi naandika kutoka Kigali, nami mlango wangu unafanana na huo, ila sikuuona kwenye televisheni. Agosti 2022 nilisafiri hadi Rubavu, kwenye ufuo wa Ziwa Kivu, kumshangilia mwenzangu wa kazini katika nusu Ironman iliyofanyika Rwanda kwa mara ya kwanza. Nilitarajia kuona vijana wembamba tu. Aliyenishika macho ni mama mmoja wa makamo aliyetoka ziwani akiwa miongoni mwa wa mwisho. Alifika kwenye baiskeli yake, akaketi chini, akafuta mchanga miguuni kwa taulo, kidole kwa kidole, akavaa soksi, akafunga kofia ngumu kidevuni, ndipo akaisukuma baiskeli kuelekea barabarani. Hakuonyesha wasiwasi hata kidogo. Nilijiambia kwamba yule mama ameipanga siku yake yote kichwani, na kwamba ningependa kuwa na siku moja ya namna hiyo maishani mwangu.

Nina watoto watatu. Kila saa yangu ina mwenyewe: mwajiri, mume, mtoto mwenye homa, shangazi aliyekuja mjini. Nimebaki kwenye mchezo huu kwa sababu ratiba yake ndiyo kitu pekee katika wiki yangu ambacho nimekipanga mwenyewe na nikakitimiza mwenyewe. Nikiandika kwamba Alhamisi ni kuogelea, basi Alhamisi nimeogelea. Sijui kama hiyo ni sababu ya wengine.

MLETA UZI

Dada wa Kigali, nakushukuru sana, kwa sababu umesema jambo ambalo wanaume wengi kwenye vikundi vyetu hawalioni. Nitaongeza langu, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote, nalo ni maji.

Wengi wetu tunaofika kwenye mchezo huu tukiwa watu wazima tunajua kukimbia tangu utotoni, na baiskeli tulijifunzia kwenye uwanja wa shule. Maji ni habari nyingine. Hata sisi wa pwani, ambao tumewaona vijana wa Forodhani wakijirusha baharini jioni nzima, tunagundua kwamba kujua kutozama si kujua kuogelea. Nilikuwa na umri wa miaka 43, mwenye uwezo wa kukimbia kilomita 21 bila kusimama, niliposhindwa kumaliza mita 25 za bwawa. Nilishika ukingo nikihema kama niliyefukuzwa na mbwa, na mwalimu wangu, kijana anayelingana na mwanangu wa kwanza, akachuchumaa akaniambia kwa upole: "Mzee, unaitunza pumzi. Itoe."

Alikuwa sahihi, na maelezo yake ni haya. Mwogeleaji mgeni huingiza kichwa majini akiwa amebana pumzi, kisha anapokitoa hutaka kufanya mambo mawili kwa nusu sekunde, kutoa na kuvuta. Hewa chafu inabaki mwilini, nayo ndiyo inayomletea hofu ya kukosa pumzi, hata kama hewa safi bado anayo. Tena kifua kilichojaa upepo huelea, na mgeni akiinua kichwa ili avute hewa, miguu huzama, basi anakokota mwili ulioinama badala ya kuteleza juu ya maji. Dawa yake ni kutoa pumzi polepole, mfululizo, kwa pua na mdomo, uso ukiwa chini, hadi mapovu yaishe. Kisha kuugeuza mwili wote ubavu, jicho moja likiwa bado majini, na kuvuta hewa kwenye kibonde cha maji kinachojitengeneza kando ya shavu. Ilinichukua wiki sita. Siku niliyokwenda mita 25, nikageuka, nikarudi, nikageuka tena bila kushika ukingo, niliacha kuhesabu. Nilisikia mapovu yangu tu.

Sasa nawaomba mfikirie: ni mara ngapi mtu wa miaka 43 hujifunza jambo jipya kabisa kwa mwili wake, tena akaona wazi kwamba jana hakuliweza na leo ameliweza? Kazini tunarudia tunayoyajua, na katika mbio kasi yangu nzuri ilikwisha kupita. Triathloni ina sehemu tatu, na karibu kila mtu wa ridhaa ana moja iliyo dhaifu. Kwa kuwa udhaifu huo upo, kila mwaka lipo la kurekebishwa. Aliyezoea maji anateseka milimani kwa baiskeli. Mwendesha baiskeli hodari hushuka akakuta miguu kama si yake, kwa sababu imezoea mzunguko wa kanyagio na haijakumbuka hatua. Mkimbiaji anayeanza kuzeeka kwenye mbio hukuta bado anapanda kwenye kuogelea. Hilo ndilo linalotufunga hapa miaka na miaka, na kwa uzito naliweka mbele ya medali na mbele ya afya.

MCHANGIAJI, ARUSHA

Ndugu mleta uzi, je, suala la umri halihusiki? Nauliza kwa sababu katika mpira wa miguu mtu wa miaka 40 huitwa mkongwe na mechi zake huchezwa kwa heshima tu.

MLETA UZI

Linahusika sana. Katika triathloni washindani wa ridhaa hupangwa kwa makundi ya umri, mara nyingi ya miaka mitanomitano, wanaume kwao na wanawake kwao. Maana yake ni kwamba mwenye miaka 44 ni mkubwa wa kundi lake, na mwaka anaotimiza 45 anakuwa mdogo wa kundi linalofuata. Nawajua watu wanaoisubiri siku ya kuzaliwa ya 50 kwa hamu kama mtoto anavyoisubiri Idi. Katika mashindano mengi ya Marekani umri wako huandikwa kwa wino kwenye misuli ya nyuma ya mguu, kwa hiyo ukipitwa unausoma umri wa anayekupita. Mtu akisoma 67 kwenye mguu unaotangulia, fikra zake kuhusu uzee hubadilika papo hapo.

Yupo mtawa wa Kikatoliki wa Marekani, Sista Madonna Buder, aliyeanza mchezo huu akiwa na umri wa miaka 52, na mwaka 2012, akiwa na miaka 82, akamaliza Ironman nzima huko Kanada. Waandaaji walilazimika zaidi ya mara moja kufungua kundi jipya la umri kwa ajili yake. Yupo pia Hiromu Inada wa Japani. Alistaafu akiwa na miaka 60 ili amuuguze mkewe, akaanza kuogelea katika kipindi hicho, na triathloni yake ya kwanza aliifanya akiwa na miaka 70. Mwaka 2015 huko Kona, akiwa na miaka 82, alianguka karibu na mwisho na akavuka mstari sekunde chache tu baada ya ukomo wa saa 17, kwa hiyo hakuhesabiwa. Mwaka 2018, akiwa na miaka 85, alirudi akamaliza kwa saa 16, dakika 53 na sekunde 49. Kila nikiona mvua ya asubuhi na kitanda kinanivuta, namkumbuka mzee yule na sekunde zake.

MCHANGIAJI, NAIROBI

Kwa heshima zote, mnaongea kama watu wenye uwezo. Bei ya baiskeli ya mashindano hapa Nairobi inanunua pikipiki, na ada ya shindano moja la jina kubwa ni mamia ya dola kabla hujalipa nauli na chumba. Tusiwadanganye vijana.

MLETA UZI

Hoja yako ni ya haki, na sitaipamba. Huu ni mchezo wa gharama, na gharama ndiyo inayowafungia mlango vijana wengi wenye vipaji katika nchi zetu, ambao wangeweza kutushinda sote. Ninachoweza kukuambia kutokana na tuliyoyaona katika kikundi chetu ni kwamba mgeni hahitaji kuanza na vitu hivyo. Wawili kati yetu wanatumia baiskeli za mtumba za fremu ya chuma, zilizobadilishiwa matairi na fundi wa mtaani. Tumejiandalia mashindano yetu wenyewe: mita 750, kilomita 20 na kilomita 5, alfajiri, na saa ya mkononi ya mmoja wetu ndiyo inayohukumu. Katika mashindano marefu ya ridhaa, kujificha nyuma ya baiskeli ya mwenzako ili akukatie upepo kumekatazwa, na hilo linampa nafasi mwenye mapafu mazuri asiye na timu, ingawa si kweli kwamba kifaa hakina uzito wowote.

Nitaongeza la gharama nyingine ambayo haitajwi, nayo ni saa. Nusu Ironman inataka saa nane hadi kumi kwa wiki, kwa miezi. Niliowaona wakiacha, karibu wote waliacha kwa sababu ya nyumbani, wala si kwa sababu ya mwili. Mtu anatoweka kila Jumapili hadi saa saba mchana, anarudi amechoka, analala, na mwenzake hakushirikishwa tangu mwanzo. Mimi mwenyewe mwaka wa pili nilikosa kikao cha posa ya mpwa wangu kwa sababu ya safari ya kilomita 90 hadi Bagamoyo na kupita, na dada yangu alikaa miezi hajaniita. Alikuwa na haki. Tangu hapo safari ndefu huwa Jumamosi, huanza saa kumi na moja alfajiri na huisha kabla ya chai ya saa nne, na kwenye shughuli ya familia sichelewi. Pia waliacha wale waliokuja kwa ajili ya shindano moja tu, wakapiga picha na medali, na Jumatatu iliyofuata wakawa hawana sababu ya kuamka.

MCHANGIAJI, MUUGUZI, TANGA

Naomba niingize neno la kitaalamu kwa sababu naona mnawaalika watu wa makamo. Uchunguzi wa mashindano ya Marekani ya miaka 1985 hadi 2016 ulihesabu vifo na matukio ya moyo kusimama 135, na 90 kati yake yalitokea majini. Wengi walikuwa wanaume, na umri wa wastani ulikaribia miaka 47. Mwanamume aliyepita miaka 40, hasa mwenye shinikizo la damu au aliyefiwa na mzazi kwa ugonjwa wa moyo, apimwe kwanza. Na asiyejisikia vizuri asubuhi ya shindano asiingie majini, hata kama amelipa.

MLETA UZI

Dada muuguzi, Mungu akubariki. Nimewaomba wasimamizi waubandike mchango wako juu ya uzi. Sisi huogelea baharini tukiwa wawili au zaidi, kila mmoja na boya la rangi ya chungwa kiunoni, na ngalawa ya mvuvi tunayemlipa ikifuata kando.

MCHANGIAJI, MTWARA

Nimesoma uzi wote tangu juzi. Nina miaka 52, ni mwalimu wa sekondari, baiskeli naipanda kila siku kwenda kazini, na sijawahi kuogelea hata mara moja ingawa bahari naiona dirishani. Nimekwisha kupimwa shinikizo, liko sawa. Huku hakuna bwawa la karibu. Naanzia wapi?

MLETA UZI

Mwalimu, shikamoo. Anzia kwenye beseni. Lijaze maji ya vuguvugu, liweke juu ya meza, vaa miwani ya kuogelea, vuta hewa kwa mdomo, ingiza uso hadi masikioni, kisha toa pumzi taratibu kwa pua huku ukihesabu hadi nane. Usiinue uso mbele. Ugeuze pembeni mpaka mdomo utoke, vuta, rudisha. Fanya mara ishirini kila asubuhi kwa wiki mbili, na uone ni siku ya ngapi mabega yako yanaacha kukakamaa. Wakati huohuo tafuta mtu anayejua, akuingize baharini maji yakiwa kiunoni, bahari ikiwa imetulia, wala usiende peke yako. Likizo ya Desemba ukija Dar es Salaam, niandikie mapema kwenye ujumbe wa faragha. Mwalimu wangu wa bwawani bado anafundisha, nami nitakuwa kwenye njia ya pembeni.